Mstari wa Kuwasha Sauti

Detlef Rasche alikuwa na jina kubwa mjini Kassel, ila ni miongoni mwa wasioona tu. Wenye macho hawakuwahi kulisikia. Ukiajiriwa ofisini, ukapewa kompyuta, halafu programu ya kazi ikagoma kuelewana na kisoma-skrini chako, kile kinachokusomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, mtu wa kumpigia simu ni Detlef. Yeye mwenyewe haoni tangu azaliwe. Aliketi na programu hiyo siku mbili tatu, akaiandikia skripti, yaani maagizo ya kukiambia kisoma-skrini kisome nini, kisome lini, na kinyamaze wapi. Kompyuta iliyokuwa bubu ikaanza kusema. Malipo yake yalijulikana: keki ya plamu, au pande la ile soseji kavu ya kwao inayowashinda wageni kutafuna. Pesa alikuwa hataki.

Ubaya wa kazi hiyo ni kwamba haina mwisho. Wenye programu wanatoa toleo jipya, wamehamisha kitufe kimoja kutoka kushoto kwenda kulia kwa sababu kuna mtu ameona kinapendeza zaidi kule, na skripti nzima imekufa. Hawaulizi, hawaagi. Detlef alishawatukana mpaka matusi yakamwishia. Na kila toleo jipya lilipotoka, kulikuwa na mtu mmoja mahali fulani aliyechoka kuhangaika, akachukua pensheni ya mapema, akaenda kukaa nyumbani kusikiliza redio. Zamani simu ya Detlef ilikuwa haipoi. Siku hizi waliobaki makazini walikuwa wachache, na kwa upande wa wapokea simu, aliyebaki alikuwa Annegret Siebold peke yake.

Annegret alikuwa akipokea simu za ushirika mmoja wa nyumba za kupanga tangu akiwa binti. Mpangaji hakuwa na haja ya kujitaja. "Bibi Wicke! Bomba tena?" Au, "Mzee Gerlach, umejifungia nje na leo?" Aliwajua kwa kukohoa. Wapangaji walipenda hivyo, na yeye, ambaye mumewe alikuwa amekufa na watoto hakujaliwa, alikuwa hana kingine cha kumtoa kitandani asubuhi. Alikuwa anasema hivyo waziwazi, tena anacheka.

Yeye na Detlef walisoma pamoja Marburg, shule ya bweni ya wasioona. Darasani mwao alikuwepo Roswitha, ambaye alikuwa haoni na hasikii, na kwa ajili yake darasa zima lilijifunza lugha ya kiganjani. Unaushika mkono wa mwenzako na kuandika juu yake: vokali zinaguswa kwenye ncha za vidole, konsonanti zinachorwa kiganjani, hapa mstari, pale nukta. Ilikuwa kwa ajili ya Roswitha, lakini Detlef na Annegret waliitumia zaidi kuwasengenya walimu katikati ya kipindi. Watu walidhani hao wawili wataoana. Annegret akaolewa na mpiga vinanda, Detlef akala pilau ya harusi ya wenzake, mambo yakaishia hapo.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Detlef hakumwambia mtu. Masikio yalikuwa yanamwacha.

Walianza kuondoka ndege wa asubuhi. Ikafuata kengele ya mlangoni. Halafu maneno ya watu yakawa uji, yanaingia lakini hayana mifupa. Na ilikuwa ajabu kwake yeye hasa, maana kila mtu anayetumia kisoma-skrini huiharakisha ile sauti, lakini Detlef alikuwa akiiendesha mbio ambazo wenziwe waliposikia waliona kizunguzungu. Sauti ile walikuwa wameipa jina, Mjomba Bati, kwa kuwa ilisema kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo. Basi Detlef akampunguzia Mjomba Bati mwendo. Akamshusha sauti iwe nzito. Akampandisha mpaka jirani akagonga ukuta, na huo ugongaji nao hakuusikia, aliuhisi mgongoni. Ilipofika majira ya kuchipua alimzima kabisa, akahamia kwenye ubao wa nukta nundu, ule mrefu mwembamba unaokaa chini ya kibodi, ambao visindano vyake vinapanda na kushuka chini ya vidole na kuandika kilichopo kwenye skrini. Vidole haviwi viziwi, alijiambia.

Kwa nini hakusema? Aliogopa, ndiyo sababu. Mtu aliyeishi maisha yake yote na mlango mmoja wa kutokea, mlango huo ukianza kufungwa, hapati midomo ya kulitamka jambo. Tena kumwambia Annegret, aliyekuwa akiwatambia watu kwamba masikio ya Detlef yanasikia nyasi zikiota! Afadhali asingizie simu.

Jumanne mchana, mvua ya Novemba ikinyesha, simu ilitetemeka mezani. Aliibandika kwenye sikio la kushoto, ambalo kwenye nyumba tulivu bado lilikuwa linaokota kitu.

"We mzee, uko hai?" Alikuwa Annegret.

"Bado kidogo. Ile skripti ya toleo jipya niliyokutumia inasemaje?"

"Inasema. Tangu jana inasema, Detlef, na hainyamazi! Ile orodha ya wanaosubiri kwenye laini inabadilika kila sekunde, na kila ikibadilika Mjomba Bati anaisoma yote upya. Mpangaji analia choo kimefurika, Mjomba Bati naye anasoma anayesubiri wa kwanza, anayesubiri wa pili, humo humo sikioni. Leo kuna bibi ameniambia ana mjukuu mpya, nikamwambia fundi anakuja kumzibua."

Detlef alicheka. Sentensi hiyo ilikuwa imefika nzima.

"Mnyamazishe kwa kitufe."

"Nikimnyamazisha anaanza tena. Huyu umemlea vibaya, bwana. Mfunge mdomo simu inapoingia, atulie, kisha aniambie mambo matatu tu: nani, jengo gani, ana shida gani. Basi. Utaweza?"

"Kuweza naweza."

"Kesho saa tatu, Detlef. Bi. Terhorst, mkubwa wetu, anakuja na saa yake mkononi. Nikiendesha simu kama wengine, nabaki. Nikishindwa, simu zote zinahamia kituo cha Hannover. Ameshasema, tena amesema kwa upole, ndicho kinachonitisha. Wakubwa hawana upole wa bure." Akaongeza, "Na anataka uje. Anasema, huyo fundi wenu wa hizo skripti nimwone, nijue kama kikiharibika kuna mtu."

"Nije mimi?"

"Uvae na koti zuri."

"Ubao wako wa nukta nundu haujafika?" aliuliza, kama kwamba hakujua.

"Nimekwambia mara ngapi? Wa zamani plagi yake haiingii kwenye kompyuta mpya. Mwingine umeombwa, maombi yamelala huko ofisi za watu. Nina masikio tu mimi." Halafu akasema, "Mbona unapiga kelele hivyo?"

"Simu mbovu hii."

Kimya kikapita. Detlef hakujua kama ni kimya cha Annegret au cha sikio lake.

"Basi nunua nyingine," Annegret akasema.

Alikaa kwenye kompyuta papo hapo, na kwa saa kadhaa alikuwa na furaha, maana hakuna kilichompendeza duniani kama tatizo lenye jibu. Alifikiri hivi. Simu inapoingia, kisoma-skrini kizime sauti. Kisubiri skrini itulie. Kichukue jina la mpangaji, jengo, na shida yake kama ilivyoandikwa. Kiyatoe. Alitumia programu ya majaribio aliyopewa na ushirika, akajipigia simu za uongo, na vidole vyake vikiwa kwenye ubao vikasoma: Wicke, jengo la kumi na nne, bomba. Akapiga nyingine. Gerlach, jengo la tatu, ufunguo. Safi. Hakuna anayesubiri wa kwanza, hakuna anayesubiri wa pili. Alijipigia simu za wapangaji wote aliowakumbuka kutoka kwenye hadithi za Annegret, na kila mmoja alipita chini ya vidole vyake ametulia, na jina lake, na jengo lake, na shida yake.

Spika hakuwasha. Kwa nini awashe? Mjomba Bati alikuwa amezimwa nyumbani humo tangu majira ya kuchipua, na Detlef alishasahau kwamba kuna kumzima na kumwasha. Skripti ilikuwa na amri ya kuzima sauti. Amri ya kuiwasha tena ilitakiwa ikae mstari unaofuata, mstari mfupi, angeuandika huku anapiga miayo. Zamani asingeweza kuusahau hata angetaka, maana kimya kingemkaba. Safari hii hakikumkaba mtu. Aliituma skripti kwa barua pepe kabla giza halijaingia, akajikatia soseji na mkate, akala amesimama, anaona fahari.

Asubuhi Annegret alimngoja penye mlango wa ushirika. Alimjua kwa harufu ya sabuni yake ya mrujuani, ile ile tangu Marburg. Akamshika kiwiko, wakapanda ngazi. Annegret alikuwa anasema kitu, Detlef akawa anaitikia kwa kichwa.

Ofisini palikuwa na watu, na penye watu sikio lake la kushoto lilikuwa halina kazi. Ilikuwa mvumo tu, wa juu na wa chini. Alijipanga. Mkono mwembamba wenye pete ulipokuja mkononi mwake, alijua huyu ndiye Bi. Terhorst, akatabasamu, akasema, "Nimefurahi sana, ni heshima." Mkono mzito wenye harufu ya sigara za mnanaa ulikuwa wa Torben, mtu wa kompyuta wa ushirika. Naye akamwambia amefurahi. Haya hayahitaji masikio. Akakalishwa kwenye kiti kando ya meza, karibu na kipasha joto, akaweka kiganja juu ya mbao za meza ili apate walau habari za vidole vya Annegret.

Torben alikuwa ameweka skripti mpya dakika hiyo hiyo, wakubwa wakiwa wanavua makoti. Kompyuta ilipowaka Mjomba Bati alisema "Tayari," na Annegret akashusha pumzi, kwa maana alimsikia. Na kweli alikuwa hajanyamazishwa. Wa kumnyamazisha ni simu ya kwanza. Bi. Terhorst akataka kusikia na yeye jinsi mambo yanavyokwenda, hivyo Torben akachomoa vile vya masikioni na kuunganisha spika mbili ndogo. Annegret alikuja kumweleza Detlef haya yote baadaye. Wakati ule, yeye alijua kuna watu wanasogea.

Aliihisi simu ya kwanza kwa namna mabega ya Annegret yalivyohamisha hewa. Kitufe kimoja, mtikisiko mdogo juu ya mbao. Amepokea. Anasalimia sasa, Detlef aliwaza, anasema, Bibi Wicke, bomba tena? Akaona utamu. Kikapita kipindi. Kitufe. Kitufe kingine. Halafu vikaja vingi, haraka haraka, tak tak tak tak, meza nzima ikawa inatetemeka chini ya kiganja chake, na yeye akajisemea, mtazameni mwanamke huyo anavyofanya kazi. Hannover wataweza wapi? Alitabasamu waziwazi. Alianza kupanga atakachojibu akipongezwa: kwamba kazi yote ni ya Annegret, kwamba skripti ni kitu kidogo, kwamba wenye programu wakibadilisha chochote wampigie tu simu. Hapana, wamwandikie. Wamwandikie barua pepe, angesema, naijibu siku hiyo hiyo.

Mtikisiko ulikoma.

Akangoja. Kiti kilivutwa, alikipata kwa nyayo. Hatua za mtu mwepesi zilikwenda dirishani na kurudi. Mnanaa wa Torben ukapita karibu na kutoka. Detlef aliendelea kutabasamu, kwa kuwa hujui ni wakati gani watu wanakutazama, na mtu anayetabasamu hakosei sana. Upepo wa neno ulimgusa shavuni, kama kwamba mtu ameinama na kumwuliza jambo. Akaitikia kwa kichwa. Upepo ukaja tena. Akaitikia tena, kwa nguvu zaidi.

Hapo mkono wa Annegret ukauchukua mkono wake kutoka juu ya meza na kuugeuza kiganja juu.

Alidhani ni shukrani. Alikuwa ameshaanza kuubana ule mkono, lakini ulijitoa, ukamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, jinsi walivyokuwa wakimfungua Roswitha. Mwili wake ulielewa kabla yake. Miaka chungu nzima hakuna aliyemwandikia kiganjani, na bado herufi zilikuja zenyewe, pamoja na harufu ya chaki na supu ya dengu ya bwenini.

Haisemi, Annegret aliandika.

Kisha: Tangu simu ya kwanza. Kimya kabisa. Anakuuliza kwa nini, mara tatu sasa.

Detlef hakuhitaji kufikiri. Aliuona ule mstari ulipotakiwa kukaa, kati ya mstari na mstari, na pengo lake.

"Ni mstari mmoja!" alisema. Kwa jinsi kifua chake kilivyotetemeka alijua amepiga kelele. "Nimesahau kumwasha! Nimemzima, nikasahau kumwasha. Nipeni kibodi. Dakika moja, Bi. Terhorst, dakika moja tu, ni mstari mmoja!"

Alinyoosha mikono mbele, akagusa kikombe, kikaanguka, kahawa ya moto ikamwagikia magotini. Mtu alimshika mabega. Akaendelea kusema, kwamba kule nyumbani ilifanya kazi, aliijaribu kwa Wicke, aliijaribu kwa Gerlach, kwamba anaposema mstari mmoja hatanii. Hakujua kama kuna anayemjibu. Hicho ndicho kilichomnyamazisha hatimaye, kujikuta anabishana na chumba ambacho huenda kilishakubali, au kilishakataa, au watu wake wamekwisha toka.

Annegret alikirudisha kiganja chake mahali pake.

Anaelewa, aliandika. Anasema si mstari. Anasema, likitoka toleo jingine, nani atasikia?

Mkono ukatulia juu ya wake. Ulikuwa wa moto na mkavu. Detlef aliuacha hapo kidogo, kisha akauliza, safari hii akijitahidi kunong'ona, "Na wewe?"

Annegret akaanza kuandika. Kuanzia Januari. Simu Hannover. Mimi. Hapo akasimama, akaanza neno jipya, na kwenye herufi ya pili Detlef alishajua ni neno gani. Kiganjani unajua mapema, ndiyo shida yake, lakini mwandishi hawezi kukuharakishia. Angeweza kukunja vidole amwambie basi, nimeelewa. Hakukunja. Alimwacha aandike mpaka mwisho: nyumbani.

Waliteremka ngazi wameshikana. Nje mvua ilikuwa haijaacha. Kituo cha tramu kilikuwa ng'ambo, wakasimama chini ya paa lake, suruali ya Detlef ikiwa imelowa kahawa na imeshapoa. Alikuwa na swali, akaliuliza kwa mdomo kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kuligusa.

"Umejua lini? Masikio."

Annegret alimvua glavu.

Mwaka juzi, aliandika. Hukuitika jirani yangu Gerda alipokuita. Nikangoja uniambie.

"Na bado ukanipa kazi."

Ningempa nani?

Tramu ilipita, si yao, aliihisi kwenye soli za viatu. Alitaka kumwambia kwamba aliogopa. Alitaka kumwambia kwamba jana, akiwa na vidole kwenye ubao, wapangaji wake wote walipita pale wametulia, na kwamba tangu majira ya kuchipua hakuwa na siku njema kama ile. Lakini hayo yote yalikuwa hayana faida kwake tena, mwanamke aliyetoka kunyang'anywa Bibi Wicke na mzee Gerlach na asubuhi zake zote. Kwa hiyo aliuchukua mkono wake, akaugeuza, akaanza kumwandikia neno moja tu la kuomba msamaha. Vidole vyake, vile alivyojiambia haviwi viziwi, vilikosea, akaanza upya.

Annegret aliukunja mkono, akauondoa. Kisha akakitafuta kiganja chake na kuandika kwa kubonyeza, kila herufi inauma kidogo.

Sema kwa mdomo, Detlef. Mimi bado nasikia.

Alifungua mdomo, akasema. Mvua ilikuwa inapiga paa, alihisi nguzo ikitetemeka begani mwake, na mkono wa Annegret haukurudi. Akasema tena, halafu tena. Hakuwa na njia ya kujua kama sauti imetoka.